Kiatu Kinene

Dada yangu alizaliwa na mguu wa kulia mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole viwili. Mashangazi walisema utavutika akikua. Haukuvutika. Alipoanza kutembea alikuwa kama mtu anayepanda ngazi na kushuka ngazi kwa wakati mmoja, na watoto wa mtaani hawakuchelewa kumpa jina. Walimwita Juuchini. Akienda kuchota maji, Juuchini. Akitumwa dukani, Juuchini. Jina likamganda mpaka walimu nao wakalizoea.

Baba yetu alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache na mkono mzito. Siku dada aliporudi kutoka shuleni akasema harudi tena kule, baba hakumchapa wala hakumbembeleza. Alimsimamisha ukutani, akampima miguu kwa uzi, akakata vipande vya mpira mgumu, akavibandika kimoja juu ya kingine chini ya kiatu chake cha kulia, kisha akavizungushia ngozi visionekane.

"Vaa," alimwambia.

Dada akavaa, akasimama. Mabega yake yakalingana. Mama alikuwa anafua. Aliziacha nguo kwenye beseni akaja kumzunguka, kama anayemkagua mgeni.

"Wakikucheka," baba alisema, "waambie wao miguu yao ni ya chini tu. Wako mmoja una ghorofa."

Kuanzia siku ile dada hakubanduka kwenye kigoda cha baba. Alijifunza kuchemsha nta, kupitisha uzi, kuchonga soli kwa kisu bila kujikata. Mimi mdogo wake nilikaa palepale pia, lakini mkono wangu ulipenda zaidi mabegi na zipu. Baba alipofariki dada alirithi nyundo, sindano na kalibu, zile mbao zenye umbo la mguu ambazo kiatu hujengwa juu yake. Mimi nilirithi mkasi. Tukaendelea kukaa pamoja kwenye baraza la duka la vipuri, yeye upande wa jua la asubuhi, mimi upande wa ukuta.

Aliwahi kuolewa. Mumewe alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, na mpaka leo bado anatafuta. Watu wakimuuliza, dada husema, "Labda kazi ndiyo inayomkimbia," kisha anauma uzi na mazungumzo yanaishia hapo.

Shida yake ilikuwa wateja. Kushona kandambili na kubandika soli kulimpa riziki ya kubahatisha, lakini ufundi wake hasa ulikuwa viatu vya watu kama yeye, kimoja chembamba na kingine kinene. Viatu hivyo alivishona vizuri kuliko hata baba. Kinene hakikuonekana kinene. Alikiinamisha kwa namna fulani kwenye kisigino na kukichonga kwenye ubavu, jicho likadanganyika. Lakini wa kuvinunua walikuwa wangapi?

"Mungu hakuumba wachechemeaji wa kutosha mtaa mmoja," alikuwa akisema.

Mama Shanga ndiye aliyemfungua macho. Huyu alikuwa jirani yetu wa baraza la pili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, aliyekuwa akiuza shanga zake kwa watu wa ng'ambo kwa kutumia simu.

"We Juuchini, wenzako wamejaa dunia nzima," alimwambia. "Wamekaa huko wanachechemea, hawajui kama upo. Lete hicho kiatu nikipige picha."

Akakipiga picha. Wakafungua duka ndani ya simu. Kwa muda mrefu halikuja neno, halafu wakaanza kuja. Alikuja mzee aliyewahi kuvunjika nyonga, akaja binti aliyegongwa na gari, akaja mwalimu wa muziki. Walichora nyayo zao kwenye karatasi, wakajipima kwa uzi kama dada alivyowaelekeza, wakatuma picha. Simu ilitafsiri maneno yao na ya kwake. Wote walisema jambo moja, kwamba kwao viatu kama hivyo vipo, ila bei yake unanunua pikipiki.

Kushona, basi, kukawa ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kukifikisha kiatu.

Kulikuwa na ofisi ya wasafirishaji wa haraka, yenye milango ya kioo na baridi ya mashine ndani. Binti wa pale alipima boksi kwa futi kabla ya kulipima kwa mizani, akasema wao hawatozi uzito peke yake, wanatoza na nafasi. Bei aliyoitaja ilizidi bei ya viatu vyenyewe. Dada alimshukuru, akatoka, akaniambia, "Mle hata kupumua wanapima kwa futi."

Wakajaribu sanduku la wote. Dada, Mama Shanga na mzee mmoja mchonga miiko waliunganisha bidhaa zao kwenye sanduku moja kubwa, likaenda kwa ndege ya mizigo, na kule mpwa wa Mama Shanga akalifungua na kumpelekea kila mteja chake kwa posta ya nchi ile. Ilikuwa nafuu na ilikwenda vizuri. Halafu mpwa akapata mchumba, na mchumba hakutaka masanduku chumbani. Sanduku la mwisho tuliambiwa liliwekwa chini ya ngazi za jengo. Baadaye tukaambiwa halipo. Mpwa akaacha kupokea simu.

"Taa ya jirani haikuangazii sufuria," Mama Shanga alisema, na siku ile hakucheka.

Ikabaki posta ya kawaida. Vifurushi vidogo vilikuwa na bei ambayo mtu mnyonge angeweza kuilipa, ila havikutakiwa kuzidi kilo mbili. Jozi ya dada, pamoja na boksi, ilizidi. Haikuzidi sana, lakini mizani haina huruma.

"Punguza," karani wa dirisha la tatu alimwambia.

"Nipunguze nini, bwana? Nikate kisigino?"

"Mimi sijui, dada. Mimi nasoma tu sindano ilipolala."

Dada akafungua boksi palepale kaunta, watu nyuma wakiguna, akatoa kiatu kimoja. Sindano ikarudi. Akamtazama karani, karani akamtazama yeye.

"Hiki kiende leo," dada alisema. "Mwenzake atamfuata."

Hapo ndipo ulipoanza mtindo wake, na kila alipoufikiria aliuona una faida zaidi. Kwanza, bei. Pili, njiani vifurushi huibwa, lakini ni mwizi gani mwenye shida na kiatu kimoja? Tatu, alitanguliza chembamba, kwa sababu hicho kilikuwa na kazi ndogo. Mteja akithibitisha kimefika na kimemkaa, ndipo anamtumia kinene, chenye jasho lote. Kama chembamba kitapotea, au mteja akiwa mjanja, hasara si kubwa. Sijui fundi mwingine popote aliyeuza viatu namna hiyo. Mama Shanga alimcheka mpaka akashika mbavu.

"Unauza viatu kwa mafungu kama mkaa!"

Karani wa dirisha la tatu naye akauzoea. Akimwona dada mlangoni alikuwa akiita, "Leo chembamba au kinene?" Na foleni yote inageuka kumwangalia miguu.

Ulifanya kazi, mtindo ule. Kwa muda mzuri tu ulifanya kazi. Dada alipaka rangi nyumba, akajinunulia cherehani ya ngozi, akaanza kuniagiza mimi nimkatie maboksi kwa kipimo cha kiatu kimoja kimoja.

Kisha akaja mteja tuliyemwita Mama wa Hospitali.

Hakuwa daktari. Alikuwa mfagizi, mwanamke wa makamo, anafagia na kupiga deki kwenye hospitali ya mji wao. Alikuwa amepasuliwa nyonga, na mguu wa kulia ukatoka mfupi. Kwa vidole viwili. Dada aliposoma hivyo alicheka peke yake kisha akaniita nisome na mimi.

"Mguu wangu huu huu," alisema. "Kama tumegawana."

Mama yule alikuwa kwenye likizo ya ugonjwa, nayo ilikuwa inakwisha. Aliandika kwamba msimamizi wake amemwambia arudi akiwa na uwezo wa kusimama zamu nzima, vinginevyo asirudi. Kwa wakati ule alikuwa anakunja taulo ndogo na kuitia ndani ya kiatu cha kulia. Taulo ilisogea. Alikuwa ameshaanguka mara moja jikoni kwake, na hakutaka kuanguka mbele ya msimamizi.

Dada alikuwa na wateja wengine lakini yule alimshika. Waliandikiana kila siku. Mama yule alikuwa na mzaha. Aliwahi kuandika, "Miguu yangu imekosana, haisemeshani, nimekuomba wewe uwapatanishe." Dada akamjibu, "Nitawakalisha kikao." Alichagua ngozi nyeusi laini ya kuvumilia maji ya kudekia, akavikata viatu vyote viwili siku moja kutoka ubavu mmoja wa ngozi ili visitofautiane rangi. Akashona chembamba, akakipeleka posta.

"Chembamba leo!" karani akaita.

Kilifika. Mama wa Hospitali akatuma picha ya mguu wake wa kushoto, kiatu kinang'aa, na chini yake maneno: "Huyu mmoja amekubali. Namsubiri mwenzake." Dada alikuwa ameshakimaliza kinene, nacho kilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya. Nilikifungia kwenye boksi mwenyewe. Aliondoka barazani akiimba.

Alirudi na boksi mkononi.

"Pamefungwa?" nilimuuliza.

"Hapajafungwa." Akakaa kwenye kigoda, boksi magotini. "Ila mdogo wangu, hakiendi."

Karani safari ile hakuita kitu. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba nchi ile ya Mama wa Hospitali imebadili sheria. Haipokei tena vifurushi vidogo mpaka ushuru wake uwe umelipwa kabla havijatoka, na posta yetu haikuwa na njia ya kuulipa huo ushuru. Vilivyokuwa njiani vilikuwa vinarudishwa. Nyuma yake, dada alisema, vilikuwa vimepangwa kama matofali.

"Mpaka lini?" dada alikuwa amemuuliza.

"Hawajatuambia, dada yangu. Na sisi tunasoma kwenye karatasi kama nyinyi."

Siku zile ndizo nilizomwona dada akihangaika. Alirudi kwenye ofisi ya milango ya kioo. Bei ilikuwa imepanda, na juu yake kulikuwa na ushuru na malipo ya kuushughulikia huo ushuru. Hata hivyo angelipa, naamini angelipa, kwa sababu alikuwa ameshaanza kumtafuta mnunuzi wa cherehani. Lakini binti wa pale alimwambia mizigo ya nchi ile wameisimamisha kwanza, kwa kuwa wao pia ilikuwa imewarundikia. Akapiga simu kwa mchonga miiko, ambaye aliwahi kusikia habari za kupitishia mizigo nchi ya jirani kwa basi. Mzee akamjibu kwamba miiko yake iko huko huko kwa jirani, imekwama ghala moja na panya wanaonja.

Mama wa Hospitali aliandika: "Karibu narudi kazini. Kiko wapi?"

Dada aliandika ukweli. Akafuta. Akaandika, "Kiko njiani."

"Kiko njiani wapi?" nilimuuliza.

"Kitakuwa," alisema.

Mama Shanga ndiye aliyesema lile neno ambalo mimi nilikuwa nalo moyoni nikaliogopa. Alilisema bila ubaya, akiwa anachambua shanga zake.

"Lakini shoga yangu, ungetanguliza kinene."

Dada alipitisha uzi kwenye sindano.

"Nasema tu. Chembamba mtu anaweza kununua popote. Mguu wake mzima unahitaji nini? Kiatu chochote. Ulimpelekea alichokuwa nacho tayari."

"Nimesikia," dada alisema. Akageukia kandambili iliyokuwa mbele yake akaipiga misumari mingi kuliko iliyohitaji.

Nyumba ya nyuma yetu alikaa mwuguzi ambaye mumewe alifanya kazi nchi ile ile. Huyo mume mtaa mzima tulimwita Shemeji. Alikuwa amekuja likizo, anakaribia kurudi. Alikuwa mwanamume mwoga wa mambo ya serikali, mtu wa kukunja vyeti vyake vyote kwenye mfuko wa nailoni na kuuvaa ndani ya shati. Dada alimwendea na kinene mkononi. Mimi nilisimama nyuma yake.

"Shemeji, nakuomba. Hiki tu."

Shemeji alikishika, akakipima uzito, akakigeuza. "Kimoja?"

"Kimoja."

"Mwenzake?"

"Ameshatangulia."

"Dada, mimi ni wa kubeba kiatu kimoja kama nimemkimbia mtu?"

Mkewe alicheka. "Kibebe, baba. Mwenzako ana shida. Kiatu kitakung'ata?"

Akakubali. Dada alimpa anwani, akamwambia akifika akitie tu kwenye posta ya kule. Usiku ule dada alimwandikia Mama wa Hospitali kwamba kiatu kinapanda ndege, na safari hii ilikuwa kweli. Yule mama akajibu kwa picha ya taulo yake ndogo ikiwa imeanikwa kwenye kamba. Ameistaafisha, aliandika.

Yaliyotokea uwanja wa ndege nilisimuliwa baadaye na Shemeji mwenyewe, wakati hasira zimeshapoa. Begi lake lilipita kwenye mashine, mtambo ukaona kitu kinene cheusi. Wakamwita pembeni.

"Hiki nini?"

"Kiatu."

"Cha nani?"

Hapo Shemeji aliogopa. Aliona akisema ni cha mtu mwingine, wataanza kumuuliza huyo mtu ni nani. Akasema, "Cha mke wangu."

"Mkeo yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani."

"Na kiatu kingine?"

"Kiko ng'ambo."

Yule askari akamwita mwenzake. "Njoo usikie. Mke yuko huku, kiatu kimoja kiko huko, na huyu bwana anahamisha kingine." Kisha akabonyeza ile soli kwa kidole gumba. "Mbona nene hivi? Humu mmeweka nini?"

"Mpira tu, mkuu."

"Tutaona."

Walikipasua kwa kisu kuanzia kisigino mpaka vidoleni. Walitoa tabaka moja baada ya jingine, kama mtu anayefungua kitabu ambacho kurasa zimegandana. Wakakuta mpira, gundi na ngozi. Wakamvua Shemeji nguo, wakampeleka kupigwa picha ya tumbo. Tumboni walikuta chai. Walipomwachia, ndege ilikuwa imeondoka.

Asubuhi mwuguzi alikuja barazani na mfuko wa plastiki. Aliumwaga mbele ya dada. Kiatu kilianguka kikiwa kinywa wazi, tabaka zikatawanyika hadi miguuni kwangu.

"Mume wangu amevuliwa nguo," alisema. "Mwanamume mzima, baba wa watu, amevuliwa nguo kwa ajili ya kiatu chako. Tiketi imekufa. Kazini kwake wanamuuliza yuko wapi. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama," dada alisema.

"Basi kama unanisikia, usimwombe mtu tena. Usimwombe mtu yeyote."

Dada aliinama akaanza kuokota. Nikaokota na mimi.

Siku ile dada alimwandikia Mama wa Hospitali ukweli wote, hata maneno ya "kiko njiani" aliyokuwa ameyaandika yakiwa uongo. Jibu lilikuja haraka.

"Pole kwa huyo bwana. Mimi naanza kesho. Nitavaa cha kushoto chako na cha kulia cha zamani, na taulo. Niombee isisogee."

Hatukupata neno lingine. Kwa sababu ndani ya wiki hiyo wateja wengine, ambao viatu vyao vilikuwa kwenye yale matofali ya posta, walilalamika, na wana haki. Mmoja aliandika kwamba ameuziwa nusu ya bidhaa. Wenye soko lile la mtandaoni wakatuma maneno mafupi kwamba duka limefungwa. Duka lilipofungwa, na mazungumzo yote yakafungwa nalo. Dada hakuwa na namba ya simu ya Mama wa Hospitali. Hakuwahi kuiomba, kwani ya nini, wakati waliongea kila siku dukani?

Alichokuwa nacho ni anwani. Alimwandikia barua ya karatasi, barua ziliruhusiwa. Haikujibiwa.

Cherehani aliiuza kweli, ila sasa kwa ajili ya kula. Alirudi kwenye kandambili. Na kati ya kandambili na kandambili alikuwa akikijenga upya kile kinene. Alisafisha gundi ya zamani, akanyoosha tabaka zilizopinda, akaongeza moja mpya palipopasuka vibaya. Kwa kila mtu aliyesikia anasafiri alikwenda. Habari za Shemeji zilikuwa zimetangulia. Watu wakimwona anakuja na boksi walivuka barabara. Kijana mmoja wa mtaa wa pili aliahirisha hata kuaga ndugu zake, akaondoka alfajiri kimya, na Mama Shanga akasema, "Juuchini, umeanza kuwafukuza watu mjini." Dada alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha kumlipa tu mtu mzaha wake.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja karani wa dirisha la tatu alikuja mwenyewe barazani. Sikuwahi kumwona nje ya dirisha lake, nikashangaa kuwa ana miguu. Alikuwa na kifurushi.

"Kimekuja kwa jina lako," alimwambia dada. "Kutoka kule."

"Si mlisema njia imefungwa?"

"Ya kwenda. Ya kuja haikufungwa."

Dada alikata kamba. Ndani mlikuwa na kiatu kimoja. Chembamba. Cha kushoto.

Hapakuwa na barua. Mama Shanga aliyekuwa amesogea alivuta pumzi. "Amekutupia kiatu chako," alisema. "Hiyo ni hasira, shoga yangu. Pole."

Dada alikigeuza mkononi. Kilikuwa kimefutwa na kupakwa rangi, kamba zimefungwa vizuri.

"Mwenye hasira hapaki kiatu rangi," alisema.

Kisha akatazama soli, na pale uso wake ulibadilika. Nami nilisogea kutazama. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja, upande wa nje, kimelika sana mpaka misumari inaonekana. Ncha ya mbele nayo ilikuwa imesuguliwa. Mtu akitembea sawa hali kiatu hivyo. Huliwa hivyo mtu anapoegemea mguu mmoja siku nzima, kwa sababu ule mwingine hauna mahali pa kukanyaga.

"Alikwenda kazini," dada alisema. "Angalia. Hii si ya siku moja. Alijaribu."

"Halafu?" Mama Shanga aliuliza.

Dada alichukua karatasi ya kifurushi, akatazama mahali palipoandikwa anwani ya mtumaji. Haikuwa ile tuliyoijua. Ulikuwa mji mwingine.

"Halafu amehama," alisema. Mfagizi wa hospitali ile ana sababu gani ya kuhamia mji usio na hospitali ile?

Karani alikohoa, akaaga. Mama Shanga alirudi kwenye shanga zake. Dada alikishusha kinene kutoka rafuni, akaviweka viwili magotini, kimoja kipya na kimoja kimeliwa. Ilikuwa mara ya kwanza vinakutana tangu vilipokatwa kutoka kwenye ngozi moja. Nilidhani atalia. Alichukua koleo, akaanza kung'oa misumari ya kile kisigino kilicholika.

"Unatengeneza cha nini, dada?" niliuliza. "Havimkai mtu mwingine yeyote hivi."

"Kisigino kimeliwa. Nikiache hivyo?"

Alibandika kisigino kipya, akakipiga, akakichonga, akakifuta. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nikatie boksi. La jozi."

"La jozi linazidi kilo mbili."

"Kata tu."

Nilikata. Akavipanga ndani, soli kwa soli, akafunga, akaandika juu yake ile anwani mpya, herufi kwa herufi, akiangalia kwenye karatasi asikosee. Boksi liko pale ukutani nyuma ya kigoda chake. Kila baada ya muda analifungua, anavipaka mafuta ngozi isikauke, analifunga tena. Anwani imeanza kufifia. Juzi nilimwona anaipitishia kalamu upya.